Kwa waendesha mashtaka vijana: jalada kwanza, pingu baadaye

Wanangu,

Mnaniudhi. Kila serikali inapobadilika narudia kuona mchezo uleule: aliyekuwa mkubwa anakamatwa alfajiri mbele ya kamera, anapandishwa kizimbani, kisha wakili wa serikali anasimama kusema upelelezi haujakamilika. Kesi inaahirishwa mpaka inafutwa, na mtuhumiwa anatoka amebebwa juu juu. Halafu mnajadili kama wanasiasa waliotoka madarakani washtakiwe! Washtakiwe, lakini si kwa jalada tupu.

Anzeni na katiba. Ibara ya 143 ya Kenya humkinga rais akiwa madarakani tu, na muda huo hauhesabiwi kwenye ukomo wa kufungua kesi. Ya 46 ya Tanzania huendelea kumkinga hata akishatoka, kwa aliyoyatenda kama rais, isipokuwa awe ameondolewa na Bunge. Zambia, rais wa zamani Frederick Chiluba hakushtakiwa mpaka Bunge lilipomvua kinga mwaka 2002.

Sasa nyaraka, ambako ndiko mnakoniumiza kichwa. Saini ya mkubwa haithibitishi wizi. Tafuteni masijala dokezo la ofisa aliyepinga malipo, mjue nani alilipuuza. Ombeni taarifa za benki, mzifuate hatua kwa hatua mpaka fedha zilipotua. Kila kielelezo kiwe na hati ya makabidhiano yenye jina la kila aliyekishika. Pakiwa na pengo, utetezi utaomba kikataliwe. Kompyuta msiziwashe ovyo, mtaalamu azinakili kwanza. Fedha zikiwa ng'ambo, maombi ya msaada wa kisheria hula miezi, hata miaka. Yapelekwe kabla ya pingu, jamani!

Malaysia, upande wa mashtaka ulionyesha ringgit (fedha ya huko) milioni 42 zilivyoingia kwenye akaunti binafsi za waziri mkuu wa zamani, Najib Razak. Mwaka 2020 akahukumiwa miaka 12, na 2022 rufaa yake ya mwisho ikagonga mwamba. Chiluba je? Mwaka 2007 mahakama ya London, kwenye kesi ya madai, ilisema alikula njama kuiibia nchi. 2009 mahakama ya jinai Lusaka ikamwachia huru. Kwenye madai uzito wa ushahidi unatosha, kwenye jinai shaka moja ya msingi inamtoa mtu.

Mengine kwa ufupi: mashtaka matatu yanayothibitika, si thelathini. Amri ya kuzuia mali mapema. Mashahidi walindwe.

Na lile jalada la waziri aliyehamia chama tawala, nani amelifungia kabatini?