Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeko chuo cha ualimu: yule mtoto alikuwa sahihi

Mdogo wangu,

Simu hupokei, ujumbe hujibu, na pale harusini ulihama meza uliponiona nakuja na sahani. Basi nakuandikia hapa, ninapojua unapita kila jioni hata ukinuna. Ya nani alianza na mama alisema nini tuyaache, tunayajua wenyewe. Nataka tuongee kile kipindi chako cha Hisabati, cha nusu na robo darasa la tatu, nilichokuja kukitazama nikakusahihisha watoto walipotoka.

Kwanza nikupe haki yako. Zile duara za manila zilikatwa vizuri, na wimbo wa nusu na robo watoto waliudaka mara moja. Mkufunzi wako angekuwepo, kwenye zana angekujazia alama na wala nisingebisha.

Lakini yule mtoto wa dawati la tatu, upande wa dirishani.

Uliwapa kila mmoja ukurasa wa daftari, ukawaambia wakunje wapate nusu. Wenzake wote wakakunja kama ulivyokunja wewe. Yeye akakunja mkunjo ukapita kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na hii?" Ukaitazama, ukaona kingo hazikulaliana, ukamwambia, "Hiyo siyo nusu. Kunja kama mimi." Akaikunjua, akailainisha kwa kiganja juu ya dawati, akakunja kama wewe. Mpaka kengele inalia hakunyoosha mkono tena.

Ilikuwa nusu, mdogo wangu. Ukiukunja mstatili kwa ulalo, yaani huo mstari wa pembe hadi pembe, zile pembetatu mbili hazilaliani kwa sababu kukunja ni kupindua, na zenyewe hulaliana kwa kuzungushwa. Kata kwenye mkunjo, kipande kimoja kiache mezani, cha pili kizungushe nusu mzunguko bila kukigeuza, kisha kiweke juu ya mwenzake. Kitakaa sawasawa. Ni kazi ya dakika moja, na rula ulikuwa nayo mkononi. Tena si ulalo peke yake: mstari wowote unaopita katikati kabisa ya mstatili, uinamishe utakavyo, unaugawa nusu kwa nusu. Darasa la tatu wanaweza kuligundua hilo wenyewe wakipewa nafasi. Mtoto alikuletea somo zima mkononi, ukalirudisha.

Ndiyo maana nilikuambia kwamba rangi na wimbo ni ubunifu wako, siyo wa watoto. Wimbo unafaa kwa kukariri mpangilio, kama siku za wiki au jedwali la kuzidisha. Nusu haikaririwi. Mtoto aliyeimba vizuri kabisa bado atakuandikia kwamba robo ni kubwa kuliko nusu kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 2. Ametazama asili, ile namba ya chini ya sehemu, peke yake kama namba nzima, hajaona kipande.

Kwa hiyo ukirudi BTP, yale mazoezi yenu ya kufundisha shuleni, fanya hivi. Karatasi uziandae jana yake. Ukurasa uliochanwa kwenye daftari una ukingo wenye meno upande wa pini. Usiponyoosha kwa rula, hata nusu ya kweli itaonekana ya uongo, na mtoto ataamini macho yake. Manila ni ngumu kukunja. Gazeti huchanika vizuri upande mmoja, upande wa pili linakwenda upogo. Bora mitihani ya zamani iliyochapwa upande mmoja, omba ofisini. Kata kila karatasi ya A4 vipande viwili. Watoto 60 kwa vipande viwili kila mmoja ni karatasi 60, na ongeza kumi za watakaoharibu, maana wataharibu.

Kipindi ni dakika 40. Utangulizi 5, usizidishe. Dakika 12 wakunje, na swali lisiwe "kunjeni kama mimi" bali "tafuta nusu ambayo jirani yako hajaipata." Wakate kwa rula: mkunjo ukandamizwe kwa ukucha, rula ilale juu yake, karatasi ivutwe kuelekea chini taratibu. Dakika 10 za kuthibitisha: bandika ubaoni kazi tatu, na moja kati ya hizo iwe yenye kosa. Usiseme ipi. Uliza "umejuaje?" kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka tano kabla ya kumchagua mtu, la sivyo utajibiwa na wale watatu wa mbele mwaka mzima. Dakika 10 za zoezi, 3 za hitimisho.

Makundi usiyaunde kwa kuburuta madawati, utapoteza muda na darasa la jirani litalalamika. Waliokaa mbele wageukie nyuma. Watatu kwa watatu, una kundi la sita. Kinachoharibu makundi ni mmoja kushika rula akawa mwalimu, watano wakawa watazamaji. Kila mtoto awe na karatasi yake, na msemaji wa kundi umtaje wewe baada ya kazi kuisha. Akijulikana mapema, wengine wanapumzika.

Na lile andalio la somo. Safu ya tathmini uliandika "wanafunzi wote wameelewa" usiku, kabla hujaingia darasani. Wino ulikuwa uleule wa utangulizi. Tathmini inaandikwa baada ya kusahihisha madaftari: wangapi wamepata, wangapi wamekosa, wamekosa kwa namna gani, kesho utaanzia wapi. Madaftari 60 hayasahihishiki mapumzikoni, hilo nakubali. Toa maswali matano tu, zungukia madawati na kalamu wakati wa zoezi, yaliyobaki malizia ofisini.

Sasa ulisema mbele ya wakwe kwamba walimu wa chaki na fimbo kama mimi ndio tumeua ubunifu, na mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 umekuja kutuondoa. Chaki, ndiyo. Chaki yangu inachora mstatili ambao mtoto anakuja kuukata mwenyewe kwa mstari anaoutaka, kisha akafuta akajaribu tena, na sisubiri mtu aniletee manila. Umahiri, yaani mtoto aweze kutenda na siyo kukariri tu, ulikuwemo kwenye mitaala tangu 2005. Na Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliitaja akili ya kudadisi, wakati huo wewe na mimi hatujawa hata wazo. Kwa hiyo usinifundishe historia ya kazi yangu. Darasa langu linakaa kimya, ni kweli. Linakaa kimya kwa sababu kuna mtu mmoja anaeleza alichokiona na wenzake wanamsikiliza.

Hao wakwe kama wanasoma, shikamooni, na mnisamehe kwa kuyaleta haya hapa.

Wanasema nilikuaibisha. Watoto walikuwa wameshatoka. Mwalimu wa darasa alikuwepo kwa sababu darasa ni lake, nisingeweza kumfukuza. Na kama sauti ilifika nje, madirisha yale hayana vioo, unajua. Ningenyamaza ungeendelea kufundisha kwamba ule ulalo siyo nusu, miaka thelathini, darasa baada ya darasa. Nani angekuambia? Rafiki zako waliokupigia makofi?

Zana zako sijazitupa, ziko juu ya kabati. Ukizipitia, duara ziboreshe, ongeza na mistatili. Yale maandishi ya maka peni ya njano yapitie upya kwa nyeusi au bluu. Njano juu ya manila nyeupe haisomeki kutoka dawati la nyuma, nilikaa kule nikajaribu.

Dada yako