Barua kwa mwanangu: Kusoma kila somo mbele za Mungu

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku nyumbani tu wazima, na mdogo wako anakusalimu. Swali uliloniuliza kwenye simu halikuwa la kujibiwa kwa haraka, ndiyo maana nimeshika kalamu. Umesema shule yenu inajinadi kwamba inafundisha masomo yote kwa mtazamo wa Kikristo, lakini wewe unachokiona ni sala mwanzoni mwa kipindi, kisha Fizikia inaendelea kama kwingine kokote. Ukauliza: huo mtazamo uko wapi?

Kwanza elewa kwamba hata shule ikiwa ya kanisa, inafuata mtaala uleule wa serikali na mtihani uleule wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Hakuna Kemia ya Kilutheri wala jedwali la elementi la Kianglikana. Wewe na mtoto wa shule ya kata hapa Pongwe mtasahihishwa kwa mwongozo mmoja. Kwa hiyo usitafute somo jingine lililofichwa nyuma ya lile la mtaala. Mtazamo wa Kikristo uko kwenye uaminifu wako ndani ya somo, na kwenye maswali unayoliuliza ukishalielewa. Ukishalielewa, nasema, siyo kabla.

Aya iliyobandikwa juu ya ubao hailifanyi somo kuwa la Kikristo, hasa aya yenyewe ikiwa imeng'olewa mahali pake. Unaweza kukuta 1 Wakorintho 14:33, kwamba Mungu si Mungu wa machafuko, imeandikwa juu ya kanuni za mwendo. Isome sura nzima: Paulo anazungumzia utaratibu wa ibada, watu wanene kwa zamu. Haihusu jiwe linaloanguka.

Anzia maabara. Chukua jaribio la pendulumu. Uzi ni sentimita 50, kutoka pale ulipobanwa hadi katikati ya kitufe cha chuma. Unakivuta pembeni kidogo, pembe isizidi nyuzi 10, unakiachia bila kukisukuma, unapima muda wa mipembeo 20 ya kwenda na kurudi, unagawa kwa 20. Ukifanya sawasawa utapata kama sekunde 28.4, yaani 1.42 kwa mpembeo mmoja. Kosa linalowapata wengi ni kubonyeza saa huku wakisema "moja" badala ya "sifuri". Wakifika "ishirini", kitufe kimekwenda na kurudi mara 19 tu. Saa inasoma 27.0, wanagawa kwa 20, wanapata 1.35, na g, yaani mchapuko wa kitu kinachovutwa na dunia, inawatokea karibu 10.8 badala ya 9.8.

Hapo ndipo unapopimwa, mwanangu. Darasa zima linajua jibu linalotakiwa ni 9.8. Wapo watakaorudi nyuma, wafute 27.0, waandike 28.4 bila kugusa uzi tena. Ndiko kupika data. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na saa ya maabara ni kipimo kama ilivyo mizani ya muuza dagaa pale Mgandini. Wewe usifute. Ikate ile 27.0 kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, andika pembeni ulichokishuku, kisha rudia kipimo mara tatu. Baadaye badili urefu, 50, 60, 70, 80 na 90, uchore grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu kwa mita. Mteremko ukitoka karibu 4.03, umefika.

Na angalia jambo hili, maana linafundisha kuliko mahubiri mengi. Ukikosea kuhesabu kwa namna ileile kila mara, nukta zako bado zitanyooka na mstari utapita kwenye sifuri vizuri kabisa, ila mteremko utashuka hadi kama 3.6. Ukipima uzi hadi juu ya kitufe badala ya katikati, mteremko utakuwa sahihi lakini mstari hautapita kwenye sifuri. Maana yake ni kwamba grafu inayopendeza siyo ushahidi kuwa umepima kweli, na aliyepika namba hawezi kamwe kugundua kosa lake ni lipi. Kwenye Kemia ni vivyo hivyo: faneli iliyosahauliwa juu ya bureti, ule mrija wa kupimia myeyuko, inadondosha matone usiyoyahesabu, na chupa iliyosuuzwa kwa myeyuko wenyewe badala ya maji safi inakuongezea kiasi ambacho pipeti haikupima. Tafuta sababu ya namba kukataa. Usiilazimishe ikubali.

Katika Baiolojia utakutana na Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino, aliyeanza majaribio yake ya njegere mwaka 1856 katika bustani ya monasteri ya Brno. Kitabu kitakuambia alipata 3 kwa 1, yaani katika kizazi cha pili sifa moja ilijitokeza mara tatu ya nyingine. Namba zake zenyewe ni hizi: mbegu za duara 5,474, zilizokunjamana 1,850, ambayo ni 2.96 kwa 1. Maua ya zambarau 705, meupe 224, ambayo ni 3.15 kwa 1. Wakristo wengi hupenda kumtaja, na ni haki kumtaja. Lakini mtaje kikamilifu. Mwaka 1936 mtakwimu R. A. Fisher alionyesha kwamba matokeo ya Mendel, yakichukuliwa yote kwa pamoja, yako karibu mno na nadharia kuliko bahati ya kawaida inavyoruhusu, na wataalamu wamebishana juu ya sababu yake tangu hapo. Usilifiche hilo kwa kuwa alikuwa mtawa.

Mageuko ya viumbe ndipo watu wanapojikwaa, wa pande zote mbili. Kwenye Historia ulishasoma fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka kama milioni 3.6. Mtihani ukikuuliza, eleza ushahidi, umri wake na unavyopimwa. Ukijibu kwa Mwanzo sura ya 1 hutapata alama, na hutakuwa umemtetea Mungu; utakuwa umejibu swali ambalo hukuulizwa. Wakristo wenyewe hawasomi sura hiyo kwa namna moja. Wapo wanaozishika siku sita kama siku za saa 24. Wapo wengine, na Papa Yohane Paulo II alisema hivyo mwaka 1996, wanaokiri kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, huku wakishikilia kwamba roho ya mwanadamu inatoka kwa Mungu. Uamuzi huo utaufikia taratibu, ukisoma na kuomba. Ninachokudai sasa ni kuijua nadharia vizuri kiasi kwamba anayeiamini akikusikia ukiieleza aseme umeieleza kwa haki.

Ukishafika hapo, uliza swali la Kikristo lenyewe: katika sentensi hii, kipi kimepimwa na kipi kimeongezwa? "Miamba hii ina miaka milioni 3.6" kimepimwa. "Kwa hiyo mwanadamu ni ajali tu isiyo na maana" kimeongezwa, hakuna kifaa cha maabara kinachopima maana. Ila ukae chonjo, kwa sababu na sisi tunaongeza. Mfano uko hapahapa baharini kwetu. Samaki silikanti alidhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu za jarife, ndiyo maana tukawa na hifadhi ya bahari yenye jina lake. Utasikia wahubiri wakisema samaki huyu ameivunja nadharia ya mageuko. Hajaivunja. Silikanti wa leo hafanani moja kwa moja na wale wa kwenye miamba, na alichotufundisha ni kwamba kukosekana kwa kiumbe kwenye visukuku siyo uthibitisho kwamba hayupo. Ni fundisho kubwa linalojitosheleza, halihitaji kutiwa chumvi.

Aliyelielewa hili vizuri ni Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji na mwanafizikia, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Papa Pius XII alipozungumza mwaka 1951 kana kwamba sayansi hiyo inathibitisha uumbaji, Lemaître hakupendezwa. Aliona imani isiegemezwe juu ya nadharia ambayo kesho inaweza kurekebishwa. Na huyo alikuwa padre, aliyeadhimisha misa!

Historia inataka moyo mpana zaidi. Mada ya mawakala wa ukoloni inawaweka wamisionari pamoja na wapelelezi na wafanyabiashara, na mtoto wa Kikristo huchomwa. Mmoja ataandika kwa hasira kwamba walileta shule na hospitali tu. Mwingine atameza hoja za kwenye notisi bila kuzitafuna. Wewe lete ushahidi, na bahati nzuri unao jirani. Jakob Erhardt, mmisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana la Uingereza, aliishi hapa Tanga mwaka 1854 akiwauliza watu wa misafara habari za bara. Kutokana na maelezo hayo, yeye na Johannes Rebmann walitoa ramani yenye ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika. Ramani ilikosea, kwani maziwa kadhaa yaliunganishwa kuwa moja, lakini iliwachochea wanajiografia wa London kuwatuma wapelelezi Richard Burton na John Speke, waliofunga safari ya kwenda bara mwaka 1857. Erhardt alikuja kwa ajili ya Injili, na taarifa zake zikatumika kwa malengo ya wengine. Hiyo ni hoja kamili: ina mtu, mahali, mwaka na matokeo. Hoja isiyo na hivyo ni porojo, hata ikiwa ya kweli.

Halafu nenda Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakajenga kijiji cha waliokombolewa utumwani. Andika. Andika pia kwamba waliokombolewa walilima mashamba ya misheni chini ya ratiba kali, na uhuru wao haukuwa huu tunaouzungumzia leo. Wakati wa vita vya Abushiri, misheni hiyo iliwahifadhi watu wengi waliokimbia mapigano. Na Abushiri mwenyewe, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa akiwapinga Wajerumani walioichukua pwani yetu; usimfanye adui wa Injili kwa sababu tu alipigana na Wazungu. Biblia imeandika habari ya Daudi na mke wa Uria bila kumfichia mfalme wake. Mkristo hana sababu ya kuogopa historia isiyosafishwa.

Hisabati sitakupotezea muda. Haina toleo la Kikristo. Kitu kimoja tu. Mkifika riba, msiishie kwenye kanuni. Shilingi 100,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi, riba ya kawaida, baada ya miezi 6 inadaiwa 220,000. Riba ikizaa riba, ni 298,598. Chora mistari yote miwili kwenye grafu moja, uone inapoachana. Hiyo ndiyo mikopo ya kausha damu inayowalaza mama ntilie macho usiku. Kisha soma Kutoka 22:25. Hesabu ni ileile kwa mkopeshaji na kwa mkopaji, lakini Torati inakuuliza unakaa upande gani wa meza.

Kwenye Kiswahili utasoma tenzi za pwani zinazoanza kwa bismillahi. Zisome kwa adabu zake, hesabu mizani, angalia vina, elewa dua kama anayeomba anavyoielewa. Wasaa wa kulinganisha imani utakuja baada ya hapo. Tumeishi na majirani Waislamu miaka yote, hutakosa wa kukueleza neno gumu.

Sasa la kufanya. Nunua kaunta buku moja, uitenge na madaftari ya darasani. Ukurasa wa kushoto andika mada ya wiki kwa maneno yako, bila kutazama notisi, kama nusu ukurasa. Ukishindwa, hujaielewa, rudi darasani kwanza. Ukurasa wa kulia andika kilichopimwa, kilichoongezwa na mwandishi au mwalimu, na mtu gani anaguswa na jambo hili. Chagua mada moja tu kwa wiki, Jumapili alasiri, nusu saa inatosha. Ukijaribu masomo yote utachoka kabla ya mwezi. Usilazimishe aya kila ukurasa. Wiki nyingine kulia patabaki patupu, paache.

Ukiona mwalimu amechanganya kilichopimwa na kilichoongezwa, awe anaipinga imani au anaitetea, usimkatize mbele ya darasa. Mfuate baada ya kipindi, umwamkie, umwambie, "Mwalimu, naomba nieleweshwe, hili tunalijuaje?" Ni swali lisilomvunjia mtu heshima, na anayejua kazi yake hulifurahia. Maarifa ya Biblia lina kipindi chake na mtihani wake. Aya zako ziweke huko kwa wingi na kwa usahihi, sura na mstari. Kwenye karatasi ya Fizikia andika vipimo.

Hela ya kaunta buku nitakutumia Jumatatu pamoja na ya sabuni.

Mama yako