Siku 60 za ombi la ujenzi zihesabiwe: barua kwa Waziri wa Ardhi wa Kaunti

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia sisi wapangaji miji, wasanifu majengo na wahandisi tunaowasilisha maombi ya ujenzi na ya kubadilisha matumizi ya ardhi katika ofisi yako.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inakupa siku 7 za kusambaza ombi kwa idara na mashirika yanayohusika. Nayo yana siku 14 za kutoa maoni, na lisilojibu unaweza kulihesabu kuwa halina pingamizi. Hapo zimepita siku 21. Maafisa wako wanabaki na siku 39 kabla ya kufika ile ya 60, ambapo mwombaji asiyepata jibu la maandishi huhesabiwa amepewa ruhusa. Muda huo unatosha. Unaliwa na mwendo wa faili.

Faili moja huzunguka kwa zamu: mipango, upimaji, afya ya umma, barabara, zimamoto, kila meza ikingoja sahihi ya iliyotangulia. Lakini afisa wa afya anaangalia shimo la majitaka liko umbali gani na kisima, na mhandisi wa barabara anaangalia geti linatokea wapi na mtaro unapita wapi. Hakuna anayemhitaji mwenzake ili aanze kazi. Nakala zitoke zote siku moja.

Kamati ya kiufundi nayo ikikaa mara moja kwa mwezi, ombi likikosa kikao kimoja nusu ya siku 60 imekwenda. Nyumba ya kuishi isiyo na ghorofa, kwenye ploti ambayo matumizi yake hayabadiliki, aiamue mkurugenzi wa mipango. Kamati ibaki na magorofa, viwanda, vituo vya mafuta na ugawaji wa mashamba.

Kinachoumiza zaidi ni marekebisho ya kudonoadonoa. Ombi linarudishwa kwa kukosa muhuri wa mhandisi wa miundo. Muhuri ukipatikana, linarudishwa tena kwa sababu mchoro wa kiwanja hauonyeshi nafasi kati ya ukuta na mpaka, kasoro iliyokuwa pale pale tangu siku ya kwanza. Na kila likirudi, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Tunaomba kasoro zote ziandikwe kwenye barua moja, ndani ya wiki ya kwanza, na hesabu isimame tu wakati mwombaji anarekebisha, kisha iendelee ilipoishia.

Kasoro nyingi zingenaswa pale dirishani. Ya kawaida kabisa ni jina la kwenye hatimiliki kutolingana na la kwenye rekodi za kodi ya ardhi, kwa kuwa ploti iliuzwa na rekodi za kaunti zikabaki na mwenye zamani. Karani akague majina, nambari ya ploti, tarehe ya upekuzi wa hati (uthibitisho wa mmiliki kutoka rekodi za ardhi), mihuri ya wataalamu na mchoro wa kiwanja mbele ya mwombaji, kisha atoe stakabadhi yenye tarehe. Siku zihesabiwe kuanzia hapo, wala si kuanzia ankara ya ada ilipolipwa, maana ankara yenyewe huitoa kaunti na inaweza kuchelewa.

Siku ya 61 ikifika bila jibu, ofisi yako itoe barua ya kuthibitisha ruhusa bila kuombwa. Kimya, hata kama sheria inakihesabu kuwa ruhusa, hakijengi nyumba. Benki haitoi mkopo kwa kimya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi haisajili mradi bila michoro iliyoidhinishwa, na mkaguzi wa kaunti akipita akakosa karatasi anachora X nyekundu ukutani. Ndiyo maana wengi wanaochoka kungoja huanza msingi bila kibali, na chuma zinafunikwa zege kabla mkaguzi yeyote hajaziona.

Mwisho, tunaomba kila mwezi ibandikwe orodha ya maombi yote: nambari, tarehe ya kupokelewa, meza liliko sasa, tarehe ya uamuzi. Tuko tayari kukaa na maafisa wako kuandaa fomu ya ukaguzi wa dirishani wakati wowote utakaopanga.

Wako,
Wapangaji miji, wasanifu majengo na wahandisi wa kaunti