Barua ya wazi kwa mafundi vijana wa mitambo, Tanga

Wanangu wa korona (viwanda vya kuchakata mkonge), wa saruji na wa bandarini,

Salaam. Mnapopita barazani kwangu Ngamiani mnanisimulia habari ile ile: mtambo umesimama, meneja kafoka, mmekesha. Nikiwauliza mara ya mwisho ulisimama lini, kimya.

Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo. Kwenye korona moja ya mkonge tulikuwa tukibadilisha beringi ya mota, tukilaumu spea kuwa feki. Kila shifti ilijua ya kwake tu. Mzee wetu wa kupaka grisi, asiyejua kuandika, akatuita nyuma ya mota. Ukutani alikuwa amechora kistari cha chaki kwa kila beringi iliyokufa. Vilikuwa vinne, na mwaka haujaisha. Ndipo tukapima kaplingi, kiungo cha mota na mashine, na kukuta shafti mbili haziko mstari mmoja. Tulipozinyoosha, beringi ya tano ilidumu miaka. Lakini majani mangapi yalikuwa yamekaukia shambani? Kilo mia za majani hutoa singa, yaani nyuzi, kama kilo nne tu, na jani lililokatwa halingoji fundi.

Kwa hiyo nawaomba daftari, kila mtambo na lake: tarehe, saa, joto, kilichobadilishwa, na sababu. Sababu ndiyo mnayoiruka. Wakubwa wenu wana kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mali kama mitambo, ISO 55001, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2014. Ni kizuri, ila hesabu zake zinaanzia kwenye mkono wako wenye grisi. Bila daftari, meneja akitaka kujua mota isukwe nyaya upya au inunuliwe nyingine, ataangalia bei ya dukani, wakati umeme itakaokula mota hiyo maishani mwake unaizidi bei hiyo mara nyingi.

Wala msifungue mtambo mzima kwa kuwa kalenda imesema. Mwaka 1978 Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United walionyesha kwamba vifaa vingi vya ndege haviharibiki kwa uzee. Hatari kubwa mara nyingi iko mwanzoni, vikishafungwa tu. Weka bisibisi kwenye nyumba ya beringi, sikiliza, pima joto, kisha amua.

Stoo nayo isisahaulike. Hewa yetu ina chumvi. Mota ya akiba ifunikeni, na shafti yake izungusheni kila mwezi.

Jumamosi baada ya alasiri nipo barazani. Njoo na daftari lako, hata likiwa na ukurasa mmoja.

Babu yenu,
fundi mstaafu, Tanga