Karakana Iacheni, Guseni Maabara ya Kompyuta

Ndugu Mhariri,

Tangu nihitimu, miaka kumi na moja iliyopita, nimelisoma gazeti lako bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ningeendelea kunyamaza kama si taarifa ile ya ukurasa wa elimu iliyodai kwamba wanafunzi wa uhandisi wa programu wanapotezewa muda karakanani, na kwamba wiki hizo za kupiga tupa na kuchomelea vyuma zingefaa zaidi kufundishia lugha nyingine ya kompyuta. Mwandishi wako alimnukuu mwanafunzi mmoja akiicheka mikono yake iliyojaa grisi. Nami niliicheka yangu nilipokuwa mwaka wa kwanza, kwa hiyo simlaumu kijana. Namlaumu aliyeandika bila kumtafuta hata mtu mmoja aliyekwisha kupita pale na kuanza kazi.

Nilisoma miaka minne katika chuo cha uhandisi ambacho sitakitaja, kwa kuwa cheti cha mdogo wangu bado kimo mikononi mwao. Mwaka wa kwanza sote, wa umeme, wa mitambo, wa ujenzi na sisi wa programu, tulipewa kila mmoja kipande cha chuma, tukaonyeshwa jiliwa la kukibania na tupa ya kukilainishia, tukaambiwa tukinyooshe pande zote. Fundi wa karakana, mzee mfupi mwenye koti la buluu, alitembea na guniya, kile kipimo cha pembe mraba, mfukoni. Nilipompelekea kipande changu hakusema neno. Aliiegemeza guniya ubavuni mwa kipande, akakiinua kuelekea dirishani, akanionyesha uzi mwembamba wa mwanga uliokuwa ukipenya katikati. "Unaona nje?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba naona. "Basi rudi, injinia." Alinirudisha mara tatu, na mara ya tatu nilikuta nimekila chuma mno hadi kimeshuka chini ya kipimo, akanipa kingine nianze upya. Nilimchukia mzee yule kuliko nilivyolichukia somo la hesabu.

Katika miaka mitatu iliyofuata hakutokea mwalimu hata mmoja aliyeiinua programu yangu dirishani. Tulifundishwa mengi, sikatai. Tulikariri kwamba jina hili la uhandisi wa programu lilivuma kutokana na mkutano uliodhaminiwa na NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, mjini Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, wakati ambapo programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikipitiliza bajeti na kujaa makosa. Tuliulizwa kwenye mtihani, tena wa kuandika programu kwa kalamu kwenye karatasi, kwa nini roketi ya Ariane 5 iliangamia Juni 4, 1996, chini ya dakika moja baada ya kuruka. Tukajibu vizuri kwamba sehemu ya programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuiingiza namba kubwa katika nafasi isiyoitosha, kwa kuwa hakuna aliyeipima kwa mwendo wa roketi mpya. Tukapewa alama zetu. Jioni ile ile tulirudi maabara kuendelea na mradi ambao nao hakuna aliyekuwa akiupima.

Mradi wenyewe ulikuwa mfumo wa kugawa vyumba vya hosteli, tulioutengeneza wanafunzi wanne mwaka wa tatu. Jopo la walimu watatu lilitusikiliza kwa dakika kumi. Mmoja alitaka kujua kwa nini rangi ya juu ya ukurasa si rangi ya chuo, wa pili aliuliza kama tumeweka ukurasa wa shukrani katika ripoti, na wa tatu alikuwa anaongea na simu. Tulipata A. Ofisi ya hosteli ikavutiwa, ikaamua kuutumia chuo kilipofunguliwa, na siku ya pili tu akaja mwanafunzi mgeni kutoka Shinyanga, jina lake la ukoo likianza na Ng', kama yalivyo majina ya watu wengi wa huko. Karani alipoandika jina lile mfumo ulianguka. Akaandika tena, ukaanguka tena. Katika lugha ya kuulizia hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu za mfumo, alama ya ritifaa, kile kimkato kinachofuata Ng, ndiyo inayofunga maneno, kwa hiyo mfumo wetu uliposoma herufi mbili za mwanzo uliona jina limekwisha, ukakutana na mabaki usiyoyaelewa, ukakata tamaa. Kosa hili linafahamika dunia nzima, ndilo tundu ambalo wezi wa mitandaoni hupenyezea amri zao, na dawa yake ni mistari michache tu ya programu. Lakini sisi tulikuwa tumeujaribu mfumo kwa majina yetu wanne, ambayo hakuna hata moja lenye ritifaa, na walimu wetu hawakuujaribu kwa jina lolote. Yule kijana alilala chini, chumbani kwa mwenzake, kwa siku nne. Karani, ili kazi ziendelee, alimwandika "Ngwa" kitu fulani bila ritifaa, na nasikia jina hilo lililokatwa mkia lilimfuata hadi kwenye karatasi za matokeo. Haya yametokea katika nchi inayoandika ng'ombe kila siku! Mzee wa karakana angeukamata mradi ule kwa swali moja, naye hajui kuandika programu hata mstari.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niguse pia mafunzo kwa vitendo. Wiki nane nilikaa katika ofisi moja nikibadilisha wino wa printa na kupeleka mafaili ghorofa ya pili. Mwalimu msimamizi alikuja mara moja, akakataa kukaa kwa sababu bajaji ilikuwa inamsubiri nje, akasaini daftari langu kurasa zote, zikiwemo za wiki mbili ambazo zilikuwa bado hazijafika.

Sasa mwandishi wako anapendekeza karakana ifutwe ili tuongezewe lugha. Mimi ninaandika lugha tano na ninalipwa kwa mbili. Kinachonilaza macho ni programu zilizoandikwa na watu waliokwisha kuhama kazi, na hizo hakuna somo lililonifundisha kuzisoma.

Napendekeza hivi. Yule mzee, kama bado hajastaafu, ahamishiwe maabara ya kompyuta akae mlangoni, na mradi wowote usitoke mpaka aujaribu yeye. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu asianze mradi mpya, bali arithi wa mwenzake aliyemtangulia na kuutengeneza ulipovunjika. Kila mwalimu atakayetoa A apewe simu maalumu itakayoita saa nane usiku kila mradi huo unapoanguka, kwa mwaka mzima, wala asiruhusiwe kuizima. Jina la kwanza kuingizwa katika kila mfumo liwe la Ng'. Guniya nitanunua mimi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwanza