Heri ya Diwali kwa Viziwi wa India na Wote Wanaosimama Nao

Ndugu na marafiki,

Heri ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu! Popote mnapowasha taa usiku wa leo, iwe Jaipur au Madurai kule India, huku kwetu Kisutu, Dar es Salaam, au kwa majirani zetu Mombasa, nawatakia nyumba yenye amani, biashara yenye baraka, na ladu, zile peremende za mviringo, za kutosha wageni wote watakaobisha hodi.

Mwaka huu salamu zangu zinatangulia kwa viziwi wa India. Sensa ya 2011 iliwahesabu watu zaidi ya milioni tano wenye ulemavu wa kusikia nchini humo. Wengi wetu tukiitaja Diwali tunafikiria kwanza milio ya fataki. Kwa kiziwi, sikukuu hii ni mwanga, na mwanga huo una kazi yake, maana lugha ya alama husemwa kwa mikono na uso. Giza likiingia, mazungumzo yanakatika. Lakini usiku ambao kila kizingiti kina taa ya udongo, bibi kiziwi anaweza kukaa uani akapiga soga na wajukuu mpaka usiku wa manane.

Kila Diwali ikikaribia namkumbuka Virender Singh. Siku chache baada ya Diwali ya 2021, mcheza mieleka huyu kutoka kijiji cha Sasroli, wilaya ya Jhajjar katika jimbo la Haryana, aliingia Rashtrapati Bhavan, Ikulu ya India mjini New Delhi, akapokea kutoka kwa Rais nishani ya Padma Shri, moja ya nishani za heshima ambazo taifa hilo huwapa raia. Alistahili kabisa. Ana dhahabu tatu za Deaflympics, michezo ya dunia ya viziwi: Melbourne 2005, Sofia 2013 na Samsun 2017, pamoja na shaba ya Taipei 2009. Alipokuwa kijana aliwabwaga wenzake wanaosikia katika mchujo wa kwenda mashindano ya dunia, kisha akaachwa nje kwa sababu hasikii.

Baada ya kuvishwa nishani hiyo, wengi wangerudi nyumbani kupokea mashada ya maua. Yeye kesho yake alikwenda kuketi kando ya barabara, nje ya jengo la serikali ya jimbo lake mjini Delhi, akiwa na nishani na medali zake. Alikuwa akidai kwamba wanamichezo viziwi wa Haryana wapewe haki sawa na wale wa Paralimpiki. Viziwi hawashindani katika Paralimpiki, wana michezo yao wenyewe, na zawadi za fedha na ajira za serikali zinapogawanywa mara nyingi wao huwa nyuma. Mimi nilimheshimu kwa dhahabu zake, lakini pale barabarani ndipo nilipompenda. Alikubali pongezi, halafu akauliza: na wenzangu je?

Swali hilohilo nimeliona kwa wengine. Chama cha Taifa cha Viziwi cha India kilifika mahakamani kwa jambo ambalo msomaji anayesikia huenda hajawahi hata kuliwazia: leseni ya udereva. Viziwi walikuwa wakinyimwa leseni kwa hoja kwamba asiyesikia honi ni hatari barabarani. Februari 2011 Mahakama Kuu ya Delhi ikawafungulia mlango. Fikirini maana yake kwa fundi anayetaka kununua pikipiki ya kwendea kazini, au kwa baba anayetaka kumpeleka mtoto shule.

Kisha kuna Sarah Sunny, wakili kutoka Bengaluru, kiziwi wa kuzaliwa. Septemba 2023 alifika mbele ya Mahakama ya Juu ya India kwa njia ya video, mkalimani wake Saurav Roychowdhury akiwa naye. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wakili kiziwi kuwasilisha shauri katika mahakama hiyo kwa lugha ya alama. Jaji Mkuu D.Y. Chandrachud aliruhusu, na mwezi uliofuata mahakama yenyewe ikamwekea mkalimani. Sheria alikuwa anaijua siku zote. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu mmoja wa kuzipeleka hoja zake kwa majaji na kumrudishia maneno yao.

Viwanjani nako mambo ni mazuri. Diksha Dagar, mcheza gofu wa mkono wa kushoto, ameshiriki Olimpiki na pia ametwaa dhahabu ya Deaflympics. Jerlin Anika wa Madurai alirudi kutoka Caxias do Sul, Brazili, mwaka 2022 na dhahabu tatu za mpira wa vinyoya (badminton). Najua wasichana ambao wangefurahi kuzifahamu habari zao, kwa hiyo wasimulieni.

Na wapo wanaofanya kazi isiyo na medali. Kamusi ya Lugha ya Alama ya India ilizinduliwa 2018 ikiwa na maneno 3,000, na kufikia 2021 yalikuwa 10,000, yakiwemo ya sheria, tiba na kilimo. Mkulima kiziwi na mgonjwa kiziwi wanaihitaji kamusi hiyo kama mwanafunzi anavyoihitaji. Hata hivyo, Jedwali la Nane la Katiba ya India, yaani orodha ya lugha zinazotambuliwa na Katiba hiyo, lina lugha 22, na lugha ya alama haimo, ingawa viziwi wameiombea nafasi kwa muda mrefu. Majirani zetu Wakenya waliitambua lugha yao ya alama katika Katiba ya 2010, wakaifanya moja ya lugha rasmi za Bunge. Naiombea India ifike huko, na nawaombea viziwi wake nguvu ya kuendelea kudai.

Leo jioni, jamaa wakishakusanyika kwa puja, yaani ibada, na chakula, mketisheni ndugu yenu kiziwi mahali penye mwanga, anapoona nyuso za wote. Watu wakicheka naye akauliza kuna nini, tafadhali msimwambie "nitakueleza baadaye". Sentensi hiyo viziwi wameonyeshwa mezani tangu utotoni, na hiyo baadaye kwa kawaida haiji. Mwelezeni papo hapo, hata kama alama zenu ni chache na mnazikosea. Na anayeandaa sherehe ya hekaluni au ya mtaa, aweke bajeti ya mkalimani pamoja na ile ya mapambo.

Kwa Virender, Sarah, Diksha, Jerlin, na kwa mwalimu kiziwi anayefundisha alama za kwanza kwa watoto leo: hongereni, na asanteni. Heri ya Diwali kwenu nyote, na kwa jamaa zetu Wagujarati wanaofungua mwaka, Saal Mubarak, yaani heri ya mwaka mpya!