Barua ya wazi kwa Gavana wa Mombasa: wakitoka shuleni, watu wetu wanakwenda wapi?

Mheshimiwa Gavana,

Salaam aleikum, na kwa heshima zote. Naandika hadharani kwa sababu jambo hili si la nyumba moja. Ni la nyumba nyingi za Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, ambazo ndani yake mna mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, na kutwa nzima mtu huyo hana pa kwenda.

Nasema mtu mzima makusudi. Mtoto angalau ana pa kuanzia. Ziko yuniti, yaani madarasa maalum, katika shule za msingi, ziko shule maalum, viko vituo vya kupima watoto na kuwaelekeza ambavyo Kenya imekuwa navyo tangu 1984. Akipata mwalimu mwenye moyo, mtoto hujifunza kuvaa, kula bila kulishwa, kuvuka barabara, kuhesabu mpaka pale anapofika. Kisha anatimiza miaka 18, au anasukumwa mpaka 20 na kitu kwa hisani ya mwalimu mkuu, halafu anaambiwa ahsante. Haelekezwi popote. Anarudi nyumbani kukaa barazani. Mwanzoni bado anaamka alfajiri na kutaka yunifomu yake. Baadaye anaacha. Na yale aliyofunzwa kwa miaka yote ile yanaanza kumtoka moja moja, kwa kuwa hana pa kuyatumia.

Mdogo wangu wa kiume ni mmoja wao. Alizaliwa na hali ya Down syndrome, yaani kromosomu ya 21 kwake ziko tatu badala ya mbili. Ndiyo sababu siku yao duniani ikawekwa tarehe 21 mwezi wa tatu. Si maradhi ya kuambukiza, si jini, wala si laana ya ukoo. Wenzake wengine wana usonji. Wengine walichelewa kulia walipozaliwa, au walipata manjano ya utotoni yasiyotibiwa, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. (Hapa nina neno la pembeni kwa hospitali na zahanati zilizo chini yako: sehemu ya haya huzuilika chumba cha kujifungulia, mkunga akiwa na vifaa na mtoto akitazamwa vizuri siku za mwanzo.)

Mamangu hupika mahamri ya kuuza, na mdogo wangu ndiye mpakiaji. Hesabu yake ya uhakika inaishia nne. Ikipita hapo inakuwa bahati nasibu, na zamani wateja wengine walikuwa wakiondoka na saba kwa bei ya kumi, wengine kumi na tatu. Dada yetu akachukua kipande cha plaiwudi akachora duara kumi kwa wino mweusi. Sasa mdogo wangu huweka hamri moja katika kila duara. Zikijaa zote, huyakusanya kwenye gazeti, anakunja, anamkabidhi mteja. Hakosei. Mimi ndiye ninayekosea siku nikishika zamu yake. Mteja mwenye haraka akimsukuma, huyarudisha yote kwenye beseni na kuanza upya, kwa hiyo mtaa mzima umejifunza kungoja. Wanafunzi wa madrasa wakipita asubuhi humwamkia kwa jina, naye hujibu kwa sauti ya mwenye duka.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo ninalokuomba. Kilichohitajika ni kibao na mtu wa kumsimamia mpaka azoee, basi. Lakini si kila nyumba ina biashara ya mahamri, wala si kila nyumba ina dada mwenye subira. Panatakiwa pahali pa umma pa kufanya kazi hiyo, na pahali hapo, Mheshimiwa, Katiba imeshakukabidhi wewe.

Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 inazipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, vituo vya kufunzia kazi za nyumbani na vituo vya kutunzia watoto. Kwa hiyo tukija kwako tusiambiwe twende Nairobi. Shule za msingi na upili ni za serikali kuu, hilo tunalijua. Anayemaliza shule akataka ufundi ni wako.

Tulijaribu. Katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, tulipewa fomu na kuambiwa ataandikishwa iwapo ataweza kuijaza mwenyewe na kuleta cheti cha darasa la nane. Yule bwana wa dawatini hakuwa na ubaya, alikuwa akifuata karatasi aliyopewa. Karatasi hiyo ndiyo tunayotaka ibadilishwe. Hakuna haja ya cheti cha darasa la nane ili mtu afunzwe kupiga pasi, kusuka ukili, kutunza kitalu cha miche au kukunja mashuka. Nenda nyuma ya hoteli yoyote ya Nyali au Bamburi uone mashuka na taulo zinazokunjwa kwa siku moja. Kazi ya namna moja, inayorudiwa vilevile kila siku, inayowachosha wengine: wengi wa watu wetu huipenda hasa kwa sababu haibadiliki.

Ombi letu ni dogo kwa kuanzia. Chagua vyuo viwili, kimoja kisiwani na kimoja bara, ufungue katika kila kimoja darasa la watu wazima wenye ulemavu wa akili. Kila darasa liwe na mwalimu wa ufundi, na kando yake msaidizi aliyefunzwa kuwashughulikia. Anayeweza kufuzu akatoka kwenda kuajiriwa, atoke. Asiyeweza, aruhusiwe kuendelea kuja kila siku afanye kazi yake na wenzake, bila kuulizwa anamaliza lini. Hili la pili naliona zito kuliko la kwanza, na naogopa ndilo litakalokatwa kwanza, maana mahafali hupigwa picha na kuja tu kila siku hakupigwi.

Na usafiri, tafadhali. Darasa lisilo na usafiri ni la watoto wa wenye magari. Kivuko cha Likoni ni bure kwa anayekwenda kwa miguu, alhamdulillahi, lakini mtu mwenye usonji anayeziba masikio kwa kelele hawezi kusukumwa katika umati ule wa asubuhi. Kwenye matatu, makanga akiona mtu anajitikisa au anaongea peke yake humwambia gari imejaa. Tuktuk chache za kukodiwa kwa mwezi, dereva mmoja anayejulikana na familia, zingetosha kwa mwanzo.

Najua kuna watakaosema mbona tunawafungia ndani watu wetu halafu tunalalamika. Ni kweli wapo wanaofungiwa. Jirani wa mtaa wetu hufunga mlango kwa kufuli akienda kufulia watu nguo, na ndani yumo binti yake mtu mzima. Alianza kufunga baada ya binti huyo kurubuniwa kwa soda na mtu anayemjua. Kesi haikufika popote, ilimalizwa kwa wazee, kwa hoja kwamba msichana hawezi kujieleza mahakamani. Wala mama na bintiye hawakuambiwa kwamba Katiba, kifungu cha 50, inairuhusu mahakama kumpa mlalamishi mtu wa kumsaidia kuwasiliana, na kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamtambua shahidi mwenye ulemavu wa akili kuwa anayehitaji ulinzi. Kabla ya kumhukumu mama huyo kwa kufuli lake, mpe pahali pa kumpeleka bintiye saa mbili asubuhi na kumchukua saa tisa.

Kuna zile shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi, tunazishukuru. Lakini zinatoka serikali kuu, ni kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali, na wengi wetu tunaambiwa wetu si mkali wa kutosha. Mtu ni mzima mno kwa msaada na mlemavu mno kwa kazi. Akae wapi?

Mheshimiwa, kila tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, tunaitwa. Tunapewa fulana, tunatembea na bendi mbele, tunakaa kwenye hema tunasikiliza hotuba. Sitaki kukosa adabu, ila wengi wetu tumeanza kuona tunavishwa kilemba cha ukoka. Katiba, kifungu cha 54, inataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Nafasi zikipatikana, huenda kwa mwenye mkongojo au asiyeona, na wanastahili, sina kinyongo nao. Mwenye ulemavu wa akili hata kuulizwa haulizwi. Panapoundwa kamati ya ulemavu, wawekwe wawili wao humo, kila mmoja na mtu anayemwamini wa kumfafanulia. Mdogo wangu hawezi kusoma bajeti. Lakini muulize ni kituo gani cha matatu ambacho hukataliwa kupanda, atakuonyesha kwa kidole.

Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini Mei 2025. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hawa mwaka 2008. Hatukuombi sheria nyingine. Tunaomba laini moja katika bajeti ya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya matumizi kufikia tarehe 30 Aprili. Madarasa haya mawili yaandikwe katika yote mawili, kwa jina lake na kwa kiasi chake, yasifichwe ndani ya fungu la "makundi maalum".

Kikao cha wananchi kitakapoitishwa, wazazi na ndugu tutakuja, na tutakuja nao. Wengine watapiga kelele kidogo, wengine watatembea huku na huku ukumbini. Tunaomba maofisa wako waarifiwe mapema wasiwatoe nje, na ile karatasi ya bajeti iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi chenye picha. Vitu vyetu vya kuandikia tutabeba wenyewe.

Wako kwa heshima,
Dada wa mpakiaji mahamri,
Majengo, Mombasa